Majina ya Alhamisi

Ninyi mnaobisha hodi kwangu hapa Mbwawa mkiwa na sura ya tatu kwapani, nawajua kabla hamjakaa. Mnataka niseme mbinu mliyochagua inafaa, nitie saini, muwahi gari. Miaka mingi nimefundisha mbinu za utafiti katika masomo ya Kiislamu, na karibu kila kazi niliyoisoma ilianza na maneno yaleyale: mtafiti alitumia hojaji, usaili na ushuhudiaji. Nikimuuliza mtafiti kwa nini vitatu hivyo, anatazama dari.

Siwacheki. Mimi mwenyewe nilianza vibaya kuliko ninyi. Hojaji yangu ya kwanza niliipeleka kwa wazee wa Kisarawe, imepigwa chapa vizuri, na swali la kwanza lilikuwa: je, mafunzo ya madrasa yamekusaidia maishani? Ndiyo, hapana, sijui. Mzee mmoja alipiga bismillahi akatia alama visanduku vyote vitatu. Akanieleza kwa upole kwamba si adabu kumrudishia mgeni karatasi yenye mahali patupu. Wengine walitia alama ya ndiyo kila mahali, hata kwenye swali lililouliza kama kuna tatizo lolote. Nilirudi Kibaha na bahasha iliyojaa adabu, bila jibu hata moja.

Nikajaribu ushuhudiaji. Nilikaa nyuma ya msikiti mmoja Ijumaa tatu mfululizo, daftari gotini, naandika nani kaingia na nani kakaa wapi. Ijumaa ya tatu hotuba ilihusu watu wanaokuja nyumba ya Mungu kuhesabu wenzao. Msikiti mzima uligeuka kunitazama. Ndiyo siku niliyojifunza kwamba anayeshuhudia naye anashuhudiwa.

Aliyeninyoosha ni msimamizi wangu wa kwanza, Maalim Omari, mtu mfupi mwenye chupa ya chai isiyoisha. Ukimletea andiko lolote, la zamani au la jana, hakuuliza kwanza linasema nini. Aliuliza limeandikwa na nani, limepokewa na nani kutoka kwa nani. Kisha anakunywa chai, anakutazama, anauliza: "Na katikati hapo, karatasi hii ililala wapi?" Sisi tuliosoma elimu ya hadithi tulidhani habari za mapokezi ni za hadithi tu. Yeye alisema hata karatasi ya dawa ina wapokezi wake. Swali hilo nimewauliza wanafunzi mpaka wakanipa jina la utani, na bado mimi mwenyewe lilinipita. Leo nataka niwaambie lilivyonipita, kwa sababu yupo mtu aliyeumia nalo.

Mwaka huu, wiki chache kabla ya Shaabani, alinijia Mariamu. Ni binti wa Mlandizi, mbishi kidogo, anaongea haraka, na ana akili ambayo mimi wa umri wake sikuwa nayo. Utafiti wake ulihusu orodha za marehemu zinazosomwa kwenye hitima. Mnajua desturi ilivyo: familia humpa imamu karatasi ya majina ya watu wao waliotangulia, majina husomwa, waliokaa huwaombea, karatasi hubaki msikitini. Mariamu aliona kwamba karatasi hizo zikikusanywa zinaeleza historia ya koo kuliko wazee wanavyokumbuka. Nilimwonea wivu, nasema kweli.

Alikuwa amekaa Vihingo wiki tatu. Msikiti mmoja huko husoma majina kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, kwa kipaza sauti, ili hata walio mashambani waitikie. Alinifungulia kompyuta barazani akanionyesha. Majina mengi yalikwenda kiukoo, babu, wanawe, wajukuu. Kifungu kimoja tu kilimshinda. Kilikuwa na majina kumi na mawili ya watu wasio ukoo mmoja, na kila jina lilikuwa na idadi ya sura za Kulhuwallahu anazosomewa. Wa kwanza anasomewa moja, wa pili nne, wa tatu tisa, inapanda hivyohivyo mpaka wa kumi na moja anayesomewa arobaini na sita. Wa kumi na mbili hakuwa na namba.

"Nimeandika kwamba idadi inaonyesha daraja la marehemu," Mariamu alisema. "Nadharia yake nimeshaipata."

Kwa mazoea tu nikamuuliza karatasi ile ililala wapi. Akasema Imamu Hamisi aliinakili kwenye daftari la msikiti miaka minne iliyopita, alipokuja kushika uimamu baada ya imamu mzee kufariki. Aliikuta katika sanduku la misahafu. Ni ya familia gani, hakuna ajuaye, kila nyumba inadhani ni ya jirani. Mariamu hakuridhika, akaenda makaburini na kutafuta jina mojamoja. Nilimsifu kwa hilo. Makaburi kumi ameyaona kwa macho yake. Mawili hakuyapata.

"Ni wa saba, Bi Zawadi binti Salumu, na huyu wa mwisho," alisema. "Wa mwisho nilicheka, Mwalimu. Somo wako kabisa. Shabani Mfaume wa Kibaha."

Na mimi nilicheka. Kisha nikamwomba anisogezee kompyuta, nikasoma majina polepole kuanzia juu. Jina la kwanza nikaona kisima. La pili nikaona kichochoro kati ya mikorosho. La tatu nikavuka kijito nikiwa nimeshika viatu mkononi. Sikuwa nakumbuka sura za watu, nilikuwa nakumbuka njia, nyumba hadi nyumba, na kila jina lilinisogeza hatua zilezile. Nilipofika la saba nikasimama.

Nilimwacha barazani nikaingia chumbani. Chini ya kitanda nina begi la madaftari yangu ya zamani. Nikalitoa lile la Vihingo, la zaidi ya miaka ishirini. Ukurasa wa kwanza, mzee wa kisimani. Ukurasa wa nne, mzee wa pili. Wa tisa, wa tatu. Ukurasa wa ishirini na saba ulianza kwa mwandiko wangu mwenyewe, wino wa zambarau: Bi Zawadi binti Salumu, mkulima, amesoma chuoni kwa bibi yake. Nikakaa kitandani. Zile hazikuwa daraja za marehemu. Zilikuwa kurasa za daftari langu, na kijiji kizima kilikuwa kinazisomea Kulhuwallahu.

Ilivyotokea ni hivi. Shaabani ya mwaka ule wa utafiti nilialikwa hitima palepale Vihingo. Msahafu wa hitima umegawanywa juzuu thelathini, kila msomaji na yake. Mimi nilipewa juzuu ya kumi na tisa. Niliweka alama ya mahali kwa karatasi yangu ya fulskepu yenye majina ya wote niliowasaili, na kurasa zao, na chini kabisa jina langu mimi mkusanyaji. Chakula kilipokuja nikairudisha juzuu sandukuni na karatasi ikiwa ndani. Nilipoikosa Kibaha nilisema haidhuru, majina ninayo daftarini. Juzuu zile zilichakaa, zikaletwa mpya, za zamani zikawekwa chini ya sanduku. Imamu mgeni akafungua, akakuta ndani ya juzuu ya hitima karatasi ya majina. Ningekuwa mimi ningefikiri vilevile.

Nilirudi barazani nikiwa bado sijui nimwambie nini Mariamu. Yeye alikuwa anasonga mbele na kazi yake.

"Kuna kingine, Mwalimu, nimekiweka sura ya nne, chini ya imani za wenyeji," akasema, akanisomea. Wenyeji wanaamini kwamba marehemu Bi Zawadi huonekana asubuhi akifagia uwanja wa nyumba yake. Hawapiti njia ile. Mtafiti naye alipita siku moja bila kujua, akamwona mwanamke mzee akifagia.

Nikamuuliza alifanya nini. Akasema alimwamkia.

"Akaitikia?"

"Akaitikia marahaba, vizuri tu. Mimi nikaendelea. Nilipoambiwa ni nani, nilikaa siku mbili sitoki."

Mpaka hapo nilikuwa naogopa kidogo. Sasa nikaogopa kweli, maana nilielewa. Wale kumi walikuwa wazee tangu nilipowasaili, na wamekufa kwa siku zao. Bi Zawadi ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, na kaburi lake halikuonekana kwa sababu halipo. Ni mtu mzima wa damu na nyama, anafagia kwake, na kijiji kinapita mbali.

Nikamuuliza Mariamu kama ana tarehe za vifo vya wale kumi. Alikuwa nazo. Nikazipanga kuona kama wamekufa kwa kufuata mpangilio wa karatasi yangu, mmoja baada ya mwingine, maana wa kumi na mbili ni mimi. Hawakufuata. Nikashusha pumzi. Nina shahada tatu, na nawaambia nilishusha pumzi.

Sasa sikilizeni sehemu ninayoionea haya. Wazo la kwanza halikuwa kwenda Vihingo. Wazo la kwanza lilikuwa kumwambia Mariamu akiondoe kifungu kile, nimweleze kwamba chanzo hakithibitiki, jambo ambalo ni kweli. Angenitii. Jina langu lingebaki safi, mwalimu wa mbinu ambaye hajawahi kupoteza karatasi. Nilikaa na wazo hilo kwa muda wa kikombe kizima cha chai. Lililonitoa hapo ni ile marahaba. Mtu ameitikia marahaba, na aliyemwamkia amekimbia.

Nikamweleza binti yote. Hakunicheka, na hilo liliniumiza zaidi. Aliuliza tu, "Mwalimu, hii sasa naiandika sura ya ngapi?" Nikamwambia kwanza tukamwone mwenyewe.

Tulikwenda Alhamisi. Tulishuka Mlandizi, tukapanda bodaboda kushika barabara ya vumbi, Mariamu mbele, mimi nyuma na daftari langu ndani ya mfuko. Tulipomtajia dereva nyumba tunayokwenda, alitushusha mbali, akasema pikipiki inasumbua kupita huko. Pikipiki ilikuwa mpya.

Njia ya kuelekea nyumbani kwa Bi Zawadi ilikuwa imeota majani. Ni njia ya watu, inayokwenda kisimani, na watu walikuwa wametengeneza nyingine, ya kuzunguka, nyeupe kwa kukanyagwa. Uwanja wake ndio uliokuwa safi kupita kiasi. Ulikuwa umefagiwa mpaka udongo unang'aa, na juu yake hapakuwa na unyayo hata mmoja ila wake. Alikuwa amesimama na ufagio, amevaa kanga mbili, anatutazama tunavyokuja.

Ni mkubwa kwangu, nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Umesimama. Wenzako huwa hawasimami."

Alinipa mkono na hakuuachia. Aliushika kwa muda, akiubonyezabonyeza, mpaka nikaelewa kwamba anapima joto. Tukakaa mkekani. Alieleza kwamba mguu ulimsumbua akaenda kukaa kwa binti yake Tumbi, karibu na kliniki, miaka ikapita. Mwaka huu mguu umepoa, akataka kurudi kwake amalizie siku zake kwenye nyumba aliyoijenga na mumewe. Siku aliyoshuka, Mwajuma, mtoto wa kaka yake, alikuwa anatwanga. Mwajuma alimwona, akakaa chini palepale, mchi mkononi. Tangu hapo hakuna aliyeingia kwake. Alikwenda msikitini mara moja, upande wa wanawake, na safu nzima ikahama. Kesho yake aliletewa kombe, maji yaliyooshea aya za Kurani, limewekwa mlangoni na aliyelileta hakusubiri.

"Nikalinywa," alisema. "Nikabaki vilevile."

Mariamu alitabasamu, akajizuia. Bi Zawadi akamwambia acheke tu, naye mwanzo alicheka. Kisha akasema kwa sauti ya chini.

"Sasa ni mwezi wa pili. Jina langu hakuna anayeniita. Nalisikia Alhamisi tu, kule kwenye kipaza sauti, halafu watu wote wanaitikia. Siku hizi nikiamka najishika mkono kwanza. Mimi sitaki kitu kikubwa, baba. Nataka mtu wangu mmoja aje akae hapa, ale na mimi, aniite."

Nilitakiwa kumwambia palepale. Badala yake nilisema mimi ni mwalimu kutoka Kibaha, nimekuja kwa ajili ya majina yale. Jina langu sikulitaja, na yeye macho yake yana ukungu, hakunijua. Nikamwomba alasiri twende naye msikitini. Alikubali, akaenda kubadili kanga.

Kabla ya alasiri kufika tulizunguka kuuliza. Nilitaka kujua nani alileta habari ya kifo. Kila mtu alikuwa na uhakika, na kila mtu alikuwa ameipata kwa mwenzake. Mwajuma alisema alisikia jina la shangazi yake likisomwa, akajua binti wa Tumbi amemzika mama yake bila kuwaita ndugu. Alikasirika. Aliweka matanga siku tatu peke yake, akaapa kutopokea tena simu ya binti yule, na hajaipokea mpaka leo. Jirani aliona matanga ya Mwajuma, naye akajua. Wa ng'ambo ya kijito alimsikia jirani. Kijiji kizima kilikuwa kinashuhudia, na nilipowafuata nyuma mmoja mmoja, wote waliishia kwenye kipaza sauti kimoja, na kipaza sauti kiliishia kwangu. Darasani nimechora jambo hili ubaoni mara zisizo na idadi. Sijawahi kulisikia likinipita mgongoni namna ile.

Baada ya sala ya alasiri nilimwomba Imamu Hamisi ruhusa ya kusema kabla majina hayajasomwa. Ni mtu mtulivu, wa makamo, anasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Bi Zawadi alikuwa nyuma ya pazia, na kutokana na kimya cha upande ule nilijua wenzake wamekaa mbali naye. Nikasema nimekuja kueleza karatasi ya majina kumi na mawili imetoka wapi. Nikataja jina langu.

Waliokaa karibu yangu hawakuinuka. Walijivuta tu, kidogo kidogo, kila mtu bila kumtazama mwenzake, mpaka mkeka ukawa mtupu pande zangu mbili. Jina lile walikuwa wameliombea rehema kila Alhamisi kwa miaka minne.

Imamu hakusogea. Aliagiza sanduku, akatafuta mwenyewe, akatoa karatasi. Ilikuwa imegeuka rangi kama chai, kingo zimeliwa, wino wa zambarau umefifia. Nikatoa daftari. Tukalinganisha jina kwa jina, namba kwa ukurasa, mwandiko kwa mwandiko. Alichukua muda, hakutaka haraka, na nilimheshimu kwa hilo.

"Mwandiko nimeuona," alisema mwishowe. "Mwandiko unathibitisha karatasi ni yako. Hauthibitishi kwamba aliyeko nyuma ya pazia ni yule uliyemsaili."

Alikuwa sahihi kabisa. Ningekuwa namsahihishia kazi ningempa alama zote. Nikafungua ukurasa wa ishirini na saba nikasoma kwa sauti yale aliyonieleza Bi Zawadi nilipokuwa kijana. Kwamba bibi yake hakuwa na ubao wala wino, akamfundisha herufi kwa kuzipanga na korosho chini, na herufi ukiisoma sawasawa inakaangwa mnaigawana, ukikosea anakula bibi peke yake. Nikafika kwenye sentensi, "Herufi niliyoichukia ilikuwa," nikafunga daftari. Nikamwomba Bi Zawadi amalizie.

Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia, kavu, haina haraka.

"Ilikuwa ghaini. Inamaliza korosho nyingi, halafu ina nukta, na bibi alikuwa anaanza kula kwenye nukta."

Mtu mmoja upande wa wanawake alitoa sauti, si kilio wala si kicheko. Tulisikia mtu akiinuka, akitembea, akikaa. Alikuwa Mwajuma. Hadithi ya korosho alihadithiwa utotoni, kwenye uwanja uleule. Tulimsikia akisema, "Shangazi," mara moja, kisha mara nyingine, na baada ya hapo akawa anasema hilo tu. Machozi yalinitoka mbele ya watu na sikuyafuta.

Imamu alichukua kalamu akafuta jina la saba kwenye daftari la msikiti. Alifanya polepole ili wote waone. Kisha kalamu ikashuka mpaka chini ya kifungu, ikasimama.

"Na wewe," akasema, "nani anakujua hapa? Wote uliowasaili tumewazika, isipokuwa huyu mama." Akainua sauti kuelekea pazia. "Bi Zawadi, huyu ni Shabani Mfaume?"

"Sauti ni yake," alisema. "Alikula kwangu siku mbili. Aliondoka akasema kitabu kikiisha ataleta, baada ya mfungo, tusomewe tuliyoyasema. Wale wazee walimngoja. Mzee wa kisimani alikuwa anauliza kila mwezi, yule kijana vipi. Mfungo ukapita, na mwingine. Nikawaambia amekufa huyo, msimseme vibaya, aliye hai angerudi. Mimi mwenyewe nilimsomea Yasini. Tumbi pia nilimsomea."

Ninyi mnajua kilichotokea kwa kitabu. Kiko maktaba, kina jalada jeusi, kilinipa shahada na kazi. Toka Kibaha mpaka Vihingo ni safari ya asubuhi moja. Ahadi ile nimewatolea wazee wa vijiji vingine pia, kwa maneno yaleyale, kwa sababu inafungua milango, na ninyi nimewafundisha kuitoa.

Imamu alikuwa bado ameshika kalamu, ananingoja. Nilitaka kusema kwamba niko hai, na sikuweza kulisema mbele ya mwanamke yule. Nikamwambia aliache jina langu mahali lilipo, mpaka nitakapoleta kitabu na kukisoma kiishe, hata kama wa kukisikiliza amebaki mmoja.

Alitikisa kichwa kukubali. Akawasha kipaza sauti, akaanza. Wa kwanza, Kulhuwallahu moja. Wa pili, nne. Alipomaliza wa sita alinyamaza kidogo mahali pa wa saba, na kwa mazoea ya miaka minne watu wengi walishaanza kumsomea. Wakazinduka, wakaacha mmoja mmoja, na nyuma ya pazia nikamsikia Bi Zawadi akimwambia Mwajuma wawaache tu wamalizie. Imamu akaendelea mpaka wa kumi na moja. Kisha akasoma Shabani Mfaume wa Kibaha, Mungu amrehemu. Nikainua mikono pamoja na wenzangu, nikaitikia amina.